Sauti Yangu Katika Kabati la Profesa

Sauti yangu ilitoka kwenye simu ya mtu mwingine, Jumamosi mchana, nikiwa nimekaa kwenye cherehani. Simu ilikuwa imelazwa juu ya meza katikati ya vipande vya kitenge, na mwenye simu alikuwa amesimama mbele yangu, suruali yake ya ulinzi mkononi. Ile suruali nilimshonea mimi. Alikuwa ameileta nipunguze kiuno, maana kazi ya kusimama mlangoni kule Marshalltown, katikati ya Johannesburg, ilikuwa imemkondesha. Badala ya kunipa suruali alibonyeza simu, akanitazama.

Nilimsikia mwanamke akikohoa. Nikasikia kikombe kikiwekwa juu ya kisahani. Halafu yule mwanamke akataja jina la mtu, na jina la baba wa huyo mtu, na kilima alikozaliwa, akasema huyu ndiye aliyetangulia mbele ya wenzake siku ile, ndiye aliyewaonyesha mlango wetu, na ndiye aliyesimama akitazama mume wangu anavyouawa. Nilimsikiliza kama unavyosikiliza habari za jirani. Nilichelewa kujua kuwa ni mimi.

"Mama," akasema yule mlinzi, "si ni weye huyu?"

Niliondoa mguu kwenye cherehani.

"Na ule unayemutaja ni mukubwa yangu."

Kwamba ni kaka yake, hilo nililijua. Nililijua miaka yote niliyompima kiuno. Lakini kabla sijapata neno, yule mwanamke wa kwenye simu alishafika mahali pa mdogo wangu. Akamtaja jina lote. Akaeleza jinsi mdogo wangu alivyomficha juu ya dari ya jiko, chini ya mahindi, na jinsi alivyowadanganya wale watu akiwatazama machoni. Akasema mdogo wangu bado anakaa pale pale, nyumba ya pili ukipita shule, na kwamba wale watu hata leo hawajui kuwa ni yeye aliyemficha.

Sasa walijua.

Nilishika simu nikashindwa kuizima. Aliizima mwenyewe. Akaniambia yeye hajaituma kwa mtu, aliikuta kwenye kikundi cha simu cha watu wa kijiji chetu, wale waliotawanyika Afrika Kusini, Uganda, Ulaya, na wengine ambao hawakutawanyika, wako kule kule nyumbani. Alisema kwa upole. Halafu akakunja suruali yake, akaiweka kwapani, akaondoka nayo bila kuniachia. Mtu wa kwetu akikuondolea kazi yake mkononi bila ugomvi, ameshaamua jambo.

Lazima nieleze tulivyokuwa tukiishi, la sivyo hamtaelewa kilichovunjika. Sisi tuliotoka kule tumejaa mitaa ya Yeoville na Bellevue, kwenye nyumba za zamani zilizokatwakatwa vyumba kwa mbao. Kanisani anakaa aliyefiwa, na mbele yake anakaa ndugu wa aliyeua, na wote wanapiga makofi wimbo mmoja. Hakuna anayeuliza ulitoka upande gani wa mto. Ukiwa na njaa anakupa unga, ukiwa na msiba anakuja kukaa nawe. Si msamaha huo, msije mkakosea. Ni mdomo kufungwa. Mdomo ukifungwa pande zote mbili, watoto wanalala. Yule mlinzi aliniita mama, nami nikamshonea, na kaka yake alikaa kati yetu kila siku bila kutajwa. Siku hizi kaka yake ni mkubwa kweli kweli kule nyumbani. Ana ofisi, ana askari mlangoni, ndiye anayesema shamba hili ni la nani. Na mdogo wangu anaishi chini ya kivuli cha mdomo wake.

Nilimpigia mdogo wangu saa ile ile. Simu yake haipatikani mpaka apande mlimani, na huiwasha kidogo tu ili kuokoa chaji. Nilipiga mpaka mteja aliyekuja kuchukua gauni akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia bado.

Sasa nirudi nyuma, kwa sababu wako watu pale sokoni mtaani kwetu walioeneza kuwa nilijitangaza mwenyewe.

Mwaka ule wanafunzi walipokuwa wakiandamana kuhusu karo, na polisi wakipita na magari yao makubwa, ndipo profesa alipoingia chumbani kwangu. Mwanamke Mkenya, anafundisha chuo kikuu kimoja cha mji huu. Chuo sikitaji na yeye simtaji, nimejifunza jina linafanya nini likishatoka. Lakini akisoma hapa atajijua, na wenzake watamjua. Alikuja na kitenge kizuri cha kutoka maduka ya Fordsburg, anataka nguo ya kuvaa kwenye mkutano wa maprofesa. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi, changu kimekunjamana, tukachekana kwa hilo. Alisema napima kama fundi wa bibi yake, bila kuandika, kwa kamba yenye mafundo. Alirudi na kitenge kingine. Akarudi tena bila kitenge.

Alikuwa akikusanya habari za wanawake waliotoka kwenye vita wakaja Johannesburg. Nilimkatalia. Alikuja tena na sukari na majani ya chai, akakaa kwenye benchi la wateja, hakuuliza kitu. Mtu mwenye subira ya namna hiyo ni wa kuogopwa, lakini mimi nilimwona mstaarabu. Na niseme ukweli, hakuna aliyewahi kuniuliza. Ofisi ya wakimbizi iliuliza tarehe tu. Kanisani wanataka ushuhuda uanze na mateso kidogo uishie kwa shangwe. Huyu alitaka yote.

Nikamwambia nikisema nitataja. Kwetu anayesimulia kifo anamtaja aliyeua, jina lake na la baba yake na mahali alipotoka, na anamtaja aliyesaidia vile vile, jina lote. Ukimsimulia maiti bila kumtaja aliyemuua, wazee wanakuuliza unamficha nani, na yule maiti wanamhesabu kuwa hajasimuliwa bado. Mume wangu alikuwa hajasimuliwa. Nilikuwa nimembeba hivyo kutoka kule mpaka hapa.

Profesa alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Taja tu, mama. Mimi nitayafuta majina yote. Hayatatoka chumbani humu."

Nilitaja. Alikuwa na kinasa sauti kidogo kama kiberiti, amekiweka karibu na sahani ya vikombe. Nilipomaliza alilia, mimi sikulia. Nilishona pindo la sketi mpaka akatulia.

Na kwenye makala yake aliyafuta, hilo simnyimi. Mpangaji mwenzangu, mzee mmoja wa Lubumbashi aliyekuwa mwalimu zamani na anasoma Kiingereza, alinisomea. Humo mimi ni mshonaji fulani, kijiji ni kijiji fulani, mdogo wangu ni jamaa wa karibu. Nilifurahi. Nilimwambia mzee yule, ona, mwanamke amesimama kwenye neno lake.

Kitu ambacho sikukijua ni kabati.

Profesa alikuwa na tovuti yake mwenyewe. Alinionyesha siku moja kwa simu yake, akijivuna kama mama mwenye mtoto mpya. Picha yake juu kabisa, amesimama mbele ya geti la chuo, amevaa nguo niliyomshonea mimi, na chini yake orodha ya maandishi yake, nchi alizokwenda kusema, wanafunzi aliowasimamia. Nikamuuliza kama chuo hakina tovuti. Akasema chuo kinampa kila mwalimu ukurasa mmoja mbaya, na kubadili neno moja unaomba ofisi fulani mpaka unazeeka. Kwa hiyo siku hizi kila profesa anajijengea ya kwake nje ya chuo, na asiye nayo ni kama hayupo. Ya kwake alijengewa na mwanafunzi wake mmoja, kijana mwenye ndevu ambaye mimi sijawahi kumwona.

Alinieleza inavyofanya kazi, na nilielewa kwa kiasi changu. Fundi anaijenga mara moja halafu anakuachia mlango wa nyuma. Unaingia kwa neno la siri, unakuta kama chumba cha kuandikia. Unaandika, unaweka picha, unaweka sauti. Pana kitufe cha kuhifadhi na pana kitufe cha kuchapisha. Ukihifadhi unaona wewe peke yako. Ukichapisha inaona dunia nzima.

"Hata wewe mama ungeiendesha," akaniambia. "Hakuna elimu hapo."

Sasa sikilizeni alivyofanya mwenye elimu. Siku moja alikuwa amesimama kwenye roboti, taa za barabarani zikiwa nyekundu, mji huu mnaujua. Wezi wakavunja kioo cha gari wakachukua mkoba wenye kompyuta. Kazi ya miaka ikaenda. Tangu siku hiyo aliogopa kuweka kitu nyumbani au kwenye mkoba, akaona pahali pasipoibiwa ni kule nyuma ya tovuti yake, ndilo likawa kabati lake. Akawa anafungua ukurasa mpya, anaweka humo mambo yake, anabonyeza hifadhi, basi. Mihadhara ambayo haijaisha, picha za harusi ya dada yake, barua, na sauti zetu sisi wanawake, nzima nzima, na majina. Kila ukurasa akaupa kichwa ili asisahau. Wa kwangu aliuandikia jina la kijiji chetu.

Mlango wa dukani kwako unaweza kuufunga kwa komeo, lakini ghala halijengwi ndani ya dirisha la duka. Hilo hata muuza nyanya wa spaza, kiduka cha mtaani, analijua. Yeye hakulijua, au hakutaka kulijua kwa sababu ilikuwa rahisi.

Yule mwanafunzi alimaliza shahada akaenda ng'ambo. Tovuti ikaanza kuchakaa, inaandika makosa, picha hazifunguki. Mwaka 2018 profesa akaona kampuni inayotoa mfumo mwingine mpya, mzuri, unaokuhamishia vitu vyako vyote kwa kubonyeza mara moja. Akabonyeza. Vikahama vyote. Lakini kule vilikohamia, mfumo mpya haukutambua kipi kilikuwa cha kuhifadhi na kipi cha kuchapisha. Vilivyofika vilifika vimechapishwa. Yeye akatazama ukurasa wa mbele, akaona picha yake imekaa vizuri, akapanda ndege kwenda mkutanoni.

Hakuna aliyetazama nyuma. Na hakuna msomi aliyeviona, maana msomi anaingia kutafuta makala anaondoka. Walioviona ni watu wa kwetu. Mtu wa kijiji chetu akiwa mbali na roho imekumbuka nyumbani, anaandika jina la kijiji kwenye simu yake aone kama kutatokea picha ya kanisa au ya daraja. Siku zote hakutokei kitu, sisi dunia haikutuandika. Siku hiyo mtu mmoja akaandika, na cha kwanza kabisa kilichotokea kilikuwa ukurasa wa profesa. Ndani yake mimi, nikikohoa.

Haya yote nilikuja kuyajua baadaye, kipande kipande. Jumatatu ile nilijua jambo moja tu, kwamba sauti iko kwa profesa na lazima izimwe kabla mkubwa yule hajaisikia kule nyumbani.

Mlinzi wa geti la chuo hakuniruhusu kupita bila kadi. Nilisimama upande wa barabara, mkoba kifuani, nikipiga simu kwa zamu, mara profesa, mara mdogo wangu. Mdogo wangu ndiye aliyepokea kwanza. Alikuwa mlimani, upepo unavuma kwenye simu. Nilimwambia aondoke leo, aende kwa shangazi mjini. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia nilisema habari zake mahali, na zimetoka.

Akasema, "Dada, maharage yako karibu kukomaa. Nimwachie nani?"

"Waachie nguruwe."

"Wewe hukulima," akasema. Na akakata, kwa ajili ya chaji.

Profesa alitoka akanichukua. Ofisini kwake palikuwa na joto zuri na mimea. Nilimwambia aandike jina la kijiji chetu. Aliandika akitabasamu, labda alifikiri nina picha ya kumwonyesha. Nilimtazama usoni wakati ukurasa unafunguka. Sijawahi kuona mtu mweusi akibadilika rangi namna ile. Alibonyeza, akabonyeza, akafunika mdomo. Akaniambia, "Mama, nilidhani iko salama."

"Salama kwa nani?"

Aliendelea kubonyeza, kisha akageuza kompyuta nione mwenyewe kuwa ukurasa haupo. Imetoka, akasema. Nilimshika mikono nikamshukuru. Ndiyo, nilimshukuru.

Nilishuka kwenye teksi pale sokoni Yeoville, na kabla sijafika kwa muuza mchicha niliisikia sauti yangu. Mwanamke mmoja anayeuza viazi alikuwa akinisikiliza kwenye simu yake huku anapanga viazi. Aliponiona hakuizima. Akasema kwa wenzake, mama redio amefika, redio ya mabetri. Wakacheka, wengine kwa aibu. Nilimwomba anionyeshe anaipata wapi kama imefutwa. Akabonyeza tena mbele yangu. Ilikuwepo.

Nilirudi chuoni kesho yake. Kumbe ukurasa na sauti ni vitu viwili. Profesa alikuwa ameficha ukurasa, lakini sauti ina anwani yake yenyewe, na watu walikuwa wameshapeana ile anwani. Akatafuta mahali sauti ilipo, akaifuta, jasho linamtoka. Hapo mzee wa Lubumbashi, ambaye nilikuwa nimekwenda naye, akajaribu kwa simu yake. Bado ikafunguka. Kumbe tena ile tovuti ya zamani haikufungwa. Ilikuwa imesimama kule ilikokuwa na nakala ya sauti ndani, na tangu kuhama mlango wake wa nyuma haukukubali tena neno la siri la profesa, linalokubaliwa analo kijana mwenye ndevu peke yake, na kijana yuko ng'ambo, na saa zao si saa zetu.

Profesa alimwandikia. Mimi nilikaa kwenye kiti nikamwambia siondoki mpaka ajibu. Nilikaa mpaka wanasafisha sakafu. Hakujibu siku hiyo wala iliyofuata. Nimesikia alikuwa likizo. Alipojibu alisema angeangalia wikiendi, kwa sasa ana kazi ya kumaliza.

Wakati huo tulikwenda na profesa ofisi ya kompyuta ya chuo. Bwana mmoja wa pale, mpole, ana kikombe chenye picha ya paka, alimweleza mzee wa Lubumbashi naye akanieleza: tovuti ile si ya chuo. Ni ya mtu binafsi. Chuo hakina funguo zake. Akasema kama ingekuwa ya chuo angeifuta kwa dakika moja, na akatikisa kichwa kwa masikitiko. Kampuni inayohifadhi ile tovuti ya zamani nayo ilijibu kuwa inazungumza na mwenye akaunti tu, na mwenye akaunti ni yule kijana. Profesa alikuwa mwenye picha na mwenye jina, lakini mwenye nyumba hakuwa yeye. Mji mzima wa wasomi, na hakuna aliyeweza kuzima sauti ya mshonaji.

Siku zile nilikuwa kama kuku aliyesikia mwewe. Kitambaa sikukata tena, nikarudisha nguo za wateja. Kanisani niliacha kwenda baada ya watu kuanza kukaa mbali nami kwenye benchi, wa upande ule na wa upande wangu pia. Wa upande wangu waliniambia nimewavunjia amani. Umeme ulikuwa ukikatwa kwa zamu, na kila ukikatwa mnara wa simu unakufa, nami nazunguka Bellevue nzima na simu juu kama mtu anayetafuta mvua, nikifikiri ndiyo dakika mdogo wangu amepanda mlimani.

Alinipigia yeye mwenyewe. Alisema wamekuja vijana wawili, wamesalimia vizuri, wameomba maji. Wakamuuliza kama ana dada Afrika Kusini. Akasema ndiyo. Wakamuuliza kama dari ya jiko lake bado nzima. Wakacheka, wakarudisha kikombe, wakaenda.

Nikamwambia uko wapi sasa. Akasema yuko njiani. Nikamuuliza njia gani. Akaniambia, "Nisikutajie, dada. Utasema."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake. Shangazi mjini anasema hakufika. Watu waliopita kijijini wanasema nyumba imefungwa na maharage yamevunwa, lakini aliyevuna hajulikani.

Yule kijana aliifuta tovuti ya zamani baada ya hapo. Sauti sasa haipo kwa profesa kabisa, imebaki kwenye simu za watu tu, na simu za watu hazina mwenyewe wa kuombwa. Yule mlinzi nilikutana naye mara moja njiani. Nilimuuliza kama kaka yake amemchukua mdogo wangu. Akasema yeye na kaka yake hawaongei. Akasema pia kwamba yeye naye amehamishwa kundi la walinzi kwa sababu yangu, wenzake wanamwita ndugu wa muuaji. Sikumwonea huruma, na sikumchukia. Hakuwa yeye aliyebonyeza.

Kamati ya chuo inayochunga mambo ya maadili iliniita. Chumba baridi, chupa za maji zimepangwa. Niliwaeleza yote kwa Kiswahili na mzee wa Lubumbashi akawafasiria. Mwenyekiti wao, mwanamke wa heshima, aliniuliza kama mimi nimepata madhara. Nikamwambia madhara yamempata mdogo wangu. Wakatazamana. Akaeleza taratibu kwamba utafiti uliniahidi usiri mimi, mimi ndiye mshiriki. Mdogo wangu hakuwa mshiriki. Wanasikitika sana, lakini shauri lililo mbele yao haliwezi kumhusu mtu ambaye hakushiriki.

Alinificha chini ya mahindi. Hakushiriki.

Wakaandika kwamba profesa alifanya kosa la uhifadhi bila nia mbaya, ahudhurie mafunzo. Alihudhuria. Mwaka uliofuata mzee wa Lubumbashi alinisomea kutoka tovuti ile ile, imepakwa rangi mpya: profesa ameandika makala kuhusu namna ya kuhifadhi sauti za watu walionusurika, amekwenda kuisoma nchi mbili, na amemshukuru mwishoni mshonaji mmoja aliyemfundisha mengi. Jina hakulitaja. Safari hii alikumbuka.

Basi nawaita. Wewe profesa uliyesema hayatatoka chumbani. Wewe kijana mwenye ndevu uliyeondoka na funguo ukawa na likizo. Wewe bwana wa kompyuta unayesema si ya chuo, na kwenye picha ya tovuti ile profesa amesimama mbele ya geti la chuo. Nyinyi wa kamati mnaojua nani alishiriki na nani hakushiriki. Wewe mkubwa wa kilimani simwiti mtu wa kukusomea, unajua ulichofanya mara ya kwanza, na Mungu anakujua jina lako na la baba yako. Lakini mara ya pili hukumpata mdogo wangu kwa akili yako. Ulionyeshwa mlango na watu wenye shahada.

Msiniandikie pole, na msinilipe. Mna magari, mna tiketi za ndege, mna marafiki kwenye mashirika yote yanayopita kule na bendera zao. Njooni Bellevue, mkae kwenye benchi la wateja, na mmoja wenu, mmoja tu, aseme kwa mdomo wake: ni mimi. Halafu huyo aliyesema ainuke aende akamtafute, na asirudi na karatasi, arudi na jibu. Mdogo wangu yuko wapi?